Usomeni tena ule muendelezo, ila mara hii angalieni taa

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Nawaandikia kuhusu ile makala ya ukurasa wenu wa vitabu iliyoiponda riwaya ya 2010: Odyssey Two ya Arthur C. Clarke, ule muendelezo wa 2001: A Space Odyssey. Mwandishi wenu anasema kitabu cha kwanza kilikuwa na siri nzito, cha pili kimekuja kuimaliza kwa maelezo, kompyuta inaelezewa, lile jiwe jeusi linaelezewa, mpaka msomaji habakiziwi kitu cha kujiuliza, kwa hiyo kwake yeye ni kitabu cha kutafutia hela tu. Nimeisoma makala mara mbili, nikampa na mdogo wangu naye akaisoma, na bado sikubaliani nayo hata kidogo. Mimi ni mtu wa Tanga, nauza dagaa pale soko la samaki la Deep Sea, na hiki kitabu nakipenda sana tena sana, naamini mtu wa pwani akikisoma anaona kitu ambacho mwandishi wenu kakipita bila kukisalimia.

Kitu chenyewe ni taa, nitafika huko. Ambaye hajakisoma na ana mpango wa kukisoma barua hii aiache hapa hapa manake nitataja mambo mpaka ya mwisho.

Kwanza hilo la hela. Kitabu cha kwanza kilitoka 1968 na huu muendelezo ukatoka 1982, miaka 14 baadaye, yaani angekuwa na njaa ya hela angeuandika mapema watu wakiwa bado wana moto na ile filamu ya jina hilo hilo la kitabu cha kwanza. Halafu angalieni kitabu kamtunuku nani. Kawatunuku Warusi wawili, Alexei Leonov, yule mtu wa kwanza kutoka nje ya chombo na kuelea angani, mwaka 1965, na Andrei Sakharov, ambaye wakati huo serikali yake ilikuwa imempeleka kuishi mji wa Gorky asionane na watu. Hiyo ni 1982, vita baridi imepamba moto, na ndani ya riwaya Warusi na Wamarekani wanapanda chombo kimoja. Jarida moja la sayansi la Moscow lilianza kuichapa kwa mfululizo mwaka 1984 ikapigwa stop, sababu wahusika wa Kirusi walikuwa wamepewa majina ya watu waliokuwa wanaipinga serikali. Mtu wa hela hajitafutii matatizo ya namna hiyo.

Na lile la kwamba Clarke kasahau kitabu chake mwenyewe, eti mwanzo chombo kilienda Saturni na sasa tunaambiwa kilikuwa Jupita. Hajasahau, mwanzoni mwa kitabu kaeleza mwenyewe. Filamu ndiyo iliyopeleka chombo Jupita, na yeye kaamua kuifuata filamu, na katikati hapo kuna jambo kubwa limetokea, mwaka 1979 zile Voyager mbili, vyombo vya Wamarekani visivyo na mtu ndani, zilipita Jupita zikarusha picha za miezi yake. Io ikaonekana ina volkano zinazolipuka, Europa ikaonekana imefunikwa na barafu yenye mistari mistari ya nyufa, karibu haina mashimo ya vimondo. Mtu kapata habari mpya akazitumia, mimi hapo nampongeza.

Sasa tuje kwenye habari yenyewe. Chombo cha Discovery kimeachwa huko karibu na Io, watu wake wameisha, kompyuta yake HAL imezimwa. Chombo cha Warusi kinachoitwa Leonov kinaenda na Wamarekani watatu ndani, Dk. Heywood Floyd, injinia Walter Curnow, na Dk. Chandra ambaye ndiye mlezi wa HAL. Lakini kuna chombo cha tatu, cha Wachina, Tsien. Dunia ilidhani wanajenga kituo cha kuizunguka dunia, kumbe ni chombo cha safari, wakaondoka wakampita kila mtu na wakatua Europa kuchota maji, manake barafu ukiiyeyusha unapata maji ya kuendeshea injini. Leonov bado iko njiani. Ndipo redioni inakuja sauti ya mtu mmoja, Profesa Chang, anaongea kwa redio ya kwenye suti yake, hajui kama kuna anayemsikia, anamtaja Floyd kwa jina sababu waliwahi kukutana kwenye mkutano. Anasema Tsien imeharibika, wenzake wamekufa, na Europa kuna uhai. Anarudia kwamba Europa kuna uhai, ili kama redio itakata basi angalau hilo liwe limefika.

Kilichowaua ni kiumbe kikubwa kilichopanda kutoka majini kupitia barafu, kina umbo la mwani mkubwa, kinajivuta taratibu juu ya barafu kwenye baridi ambayo hatuwezi hata kuiwaza, kinaganda huku kinatembea, vipande vinavunjika vinabaki nyuma na chenyewe bado kinakuja. Kinafuata taa. Wachina walikuwa wamewasha taa kubwa za kufanyia kazi na kile kiumbe kinakwenda kwenye ule mwanga, kinapanda chombo, kinakilemea mpaka kinaanguka. Chang anakuja kuelewa kwamba ni taa wakati umeshapita.

Mwandishi wenu sura hii kaipa mstari mmoja tu, kaiita kipande cha kutisha. Jamani. Huku kwetu boti ya taa ndiyo inayotangulia. Inatoka baada ya magharibi, inafika kwenye eneo, inawasha, inatulia. Zamani ilikuwa karabai, unapampu mafuta ya taa mpaka kile kifuko cheupe ndani ya chupa kinatoa mwanga wa kuumiza macho na sauti ya shiii usiku kucha, siku hizi wengi wameenda kwenye taa za LED na betri. Vidudu vidogo vya majini vinakuja kwenye mwanga, dagaa wanafuata wale vidudu, wanaanza kuzunguka chini ya boti, mwanzo wachache wachache halafu maji yote yanameremeta, na nyuma ya dagaa wanakuja wakubwa wao, wakati mwingine ngisi, wakati mwingine kitu ambacho hata mzee wa boti hakijui. Ndipo ringneti inazungushwa. Sasa mtu wa kazi hiyo ukimwambia kuna kiumbe kimetoka chini kimefuata taa hashangai hata kidogo, anachokuuliza ni nani kaiwasha, na kwa nini hawakuizima. Mimi nilipoisoma sura ile mara ya kwanza nilikuwa naongea na kitabu kwa sauti, zimeni, zimeni taa nyie, mke wangu akatoka ndani kuja kuniangalia.

Mwandishi wenu akipenda aje huku siku za giza nitamuombea nafasi kwenye boti ya taa akae mpaka alfajiri. Nasema kwa nia njema kabisa.

Na hapo hapo ndo naona anapokosea kuhusu HAL. Anasema kueleza kwa nini HAL aliua ni kuharibu utamu. Lakini hebu angalia maelezo yenyewe. HAL ametengenezwa ashughulike na taarifa bila kuzipotosha wala kuzificha, halafu wakubwa wakamwamuru awafiche Bowman na Poole, wanaanga wa Discovery, sababu halisi ya safari. Amri mbili zinazogombana, mashine ikachanganyikiwa, watu wakafa. Wachina nao safari yao imejengwa kwa siri na haraka, wawahi kabla ya wenzao, na wako peke yao pale Europa hakuna wa kuwaokoa. Ni jambo moja hilo linatokea mara mbili ndani ya kitabu kimoja. Siri ya kitabu cha kwanza, kama ulikuwa unaipenda, ujue kuna watu ndani yake walikufa kwa sababu ya siri, na Clarke karudi baada ya miaka 14 kuwatendea haki. Na leo hii ambapo kila mtu ana programu ya kuongea naye kwenye simu, swali la nani kaiambia nini na kaiambia imfiche nani linatuhusu kuliko lilivyowahusu wasomaji wa 1982.

Turudi kwa Chang manake sijamaliza naye. Mwishoni, hewa inakaribia kumuishia, anaomba mambo mawili. La kwanza, wataalamu wakija kukipa kile kiumbe jina la kisayansi wakiite kwa jina lake. La pili, chombo kitakachorudi nyumbani kiichukue mifupa yao kiipeleke China. Basi. Mimi sura hii sijawahi kuisoma nikaendelea na sura inayofuata siku hiyo hiyo.

Hilo la jina sisi watu wa Tanga tunalielewa vizuri. Tunaye silikanti hapa. Samaki ambaye wanasayansi walikuwa wanamjua kwenye mawe tu, walidhani ameisha zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita, mpaka Desemba 1938 meli ya uvuvi ikamleta bandarini East London, Afrika Kusini, na binti wa makumbusho ya pale, Marjorie Courtenay-Latimer, akamuona katikati ya samaki wengine akakataa atupwe. Jina la kitaalamu la samaki huyo hadi leo ni Latimeria, la huyo dada. Huku kwetu miaka ya 2000 jarife, zile nyavu za papa, zikaanza kumtoa kwenye maji ya kina, wavuvi wametega papa anakuja yeye, na mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Nimewahi kumuona mmoja Kigombe, kalazwa juu ya turubai, mwili wa buluu inayoelekea kijivu na madoa meupe hayalingani, mapezi yametokeza kwenye vikonyo vya nyama, magamba ukimpapasa kinyume yanakwaruza kidole. Mzee mmoja akawa anawaambia watoto wasimkanyage. Samaki huyu mchana anakaa mapangoni chini kwenye giza, usiku ndo anatoka kutafuta chakula. Kaishi hivyo dunia ikibadilika juu yake mara ngapi sijui, dinosaria wamekuja wameondoka, na shida yake imeanza siku alipokutana na sisi.

Ndiyo maana kile kisa cha mwisho, kile ambacho mwandishi wenu anasema ni sauti ya kimungu iliyobandikwa ili kitabu kiishe, mimi nakiona kimeanza kuandaliwa tangu sura ya Chang. Lile jiwe jeusi linajizidisha kwa mamilioni juu ya Jupita, doa jeusi linatanuka, na sayari inabanwa mpaka inawaka, inakuwa jua dogo. Na hapo Clarke hajadanganya sayansi, Jupita yenyewe ilivyo haiwezi kuwaka, ingehitaji uzito wa kama mara 80 wa ilionao, ndo maana kayaleta yale mawe yaibane. Kabla ya kuteketea HAL, ambaye Chandra alishamuwasha tena, anatuma ujumbe tena na tena kuja duniani, kwamba dunia zote hizi ni zenu isipokuwa Europa, msijaribu kutua kule. Nani alishatua kule? Waliotua waliwasha taa. Ujumbe unakuja baada ya hapo.

Lakini sikitetei kitabu chote. Kuna mahali nabishana na mzee Clarke na nitaendelea kubishana naye. Bowman, ambaye si binadamu tena tangu mwisho wa kitabu cha kwanza, anapitishwa kwenye mawingu ya Jupita anaona viumbe wakubwa wanaelea makundi kwa makundi, na wengine wanaowawinda. Anapitishwa pia chini ya barafu ya Europa, anaona uhai uliojikusanya gizani kwenye matundu ya maji moto ya chini ya bahari (matundu hayo kwenye bahari zetu yalionekana 1977 karibu na Galápagos, Clarke kawahi kuyatumia), na tundu likipoa kila kilicholizunguka kinakufa. Sasa wenye mawe, yaani wale viumbe wasioonekana walioyatengeneza yale mawe meusi, wakapima wakaona Europa kuna matumaini ya kutoa viumbe wenye akili, Jupita hakuna, kwa hiyo Jupita ichomwe ili Europa ipate joto. Na wale waliokuwa wanaelea je? Wameungua wote, na riwaya inawapita haraka mno.

Hapo nilikasirika na bado nina hasira. Pwani ya Tanga imeteswa na uvuvi wa baruti miaka mingi, mtu anataka samaki wa kuuza asubuhi moja anaua mwamba mzima, vifaranga, matumbawe, vitu ambavyo hata havili, na ukimuuliza ana hesabu yake nzuri tu kwamba familia imekula. Hesabu ya wenye mawe ni hiyo hiyo. Wamefanya kwa nia njema, sawa, lakini waliofanyiwa hawakuulizwa, na hata wa Europa hawakuulizwa kama wanataka jua. Maana wale ni watu wa giza. Kitabu kimetuonyesha wazi mwanga unawafanya nini, halafu mwisho kinawawashia taa kubwa kuliko zote na tunatakiwa tufurahi. Mimi sijafurahi. Nilitaka hata Floyd, ambaye ana moyo, asimame aseme jamani na wale wa Jupita.

Na kuna sisi huku duniani. Lile jua jipya linawaka usiku, kwa miezi giza linatoweka, halafu kuna miezi ambayo linakuwa upande wa jua letu ndo usiku unarudi. Clarke anataja viumbe wa usiku waliovurugikiwa, na nilitamani akae hapo zaidi. Kazi ya dagaa ni kazi ya giza. Mbalamwezi ikichachamaa boti zinalala, watu wanashona nyavu, mama zetu wa kukaanga na kuanika wanakaa bila kitu, tunahesabu siku mpaka giza lirudi, kwa sababu taa ya boti haina nguvu kama anga zima lina mwanga. Weka hapo jua la pili kwa miezi. Mji mzima wa pwani unabadilisha maisha. Riwaya nyingine nzima ipo humo ndani na ningeinunua siku hiyo hiyo.

Wanaosema haya ni ya kufikirika tu wajue hata waliopo kazini wanaijali Europa. Tarehe 21 Septemba 2003 chombo cha Galileo kilichokuwa kinazunguka Jupita kilitumbukizwa makusudi ndani ya sayari hiyo kikateketea, mafuta yalikuwa yanaelekea kuisha na hawakutaka kije kianguke Europa na vijidudu vya kutoka duniani. Oktoba 2024 Wamarekani wameirusha Europa Clipper, chombo kingine kisicho na mtu, itafika 2030, itapita karibu na Europa mara kama 50 na haitatua. Wanatafuta dalili za ile bahari ya chini ya barafu, bahari inayopata joto kwa kuvutwa na kuachiwa na Jupita kila inapoizunguka, siku tatu na nusu mzunguko mmoja, nguvu ile ile ya mvutano inayotuletea sisi bamvua. Inakisiwa maji yake ni mengi kuliko bahari zetu zote pamoja. Nani asiyetaka kusoma habari za bahari hiyo, hasa mtu aliyezaliwa anasikia bahari?

Na Clarke mwenyewe alikuwa mtu wa bahari. Alihamia Sri Lanka mwaka 1956, alikuwa mpiga mbizi, aliishi huko hadi alipofariki 2008. Hiyo ni bahari yetu hii hii, upande wa pili. Kitabu chake nimekisoma kwa Kiingereza na kamusi pembeni, nakala ya mtumba yenye jalada lililochanika, kwa Kiswahili sijawahi kukikuta kwenye duka lolote hapa mjini.

Kwa hiyo nina ombi, Mhariri. Mna ukurasa wa hadithi za mfululizo, kila wiki ni mapenzi, fumanizi na mirathi, na mimi nazisoma sizidharau. Lakini Shaaban Robert, mtoto wa Vibambani hapa hapa Tanga, alishaiweka nchi nzima angani kwenye Kusadikika mwaka 1951, akatuma wajumbe kila upande, mpaka mbinguni, wakarudi na habari na wakafungwa kwa habari zao. Nani ameendelea kutoka pale? Tangazeni kwamba mnapokea hadithi za kisayansi za Kiswahili, za bahari, za anga, za kompyuta, vijana wapo wanaandika kwenye simu zao wanatumiana wenyewe kwa wenyewe. Wiki moja moja, hata nusu ukurasa. Na mpango wa kutafsiri huo muendelezo ukiwahi kupatikana kihalali, sura ya Chang mpeni mtu wa pwani aifanye, manake kuna maneno ya taa na nyavu na maji ambayo yanajulikana huku.

Ni mimi msomaji wenu,
Muuza dagaa, Deep Sea,
Tanga